Amana ya Daftari la Doria

Katika Ngarambe, ambako mwaka 1904 Kinjikitile, nabii wa Vita vya Maji Maji, alidhihirika, na habari za maji yake zikapitishwa kwa siri kutoka sikio hadi sikio, kwa njia ambayo Wamatumbi waliiita njwiywila, wazee wetu walitulea katika itikadi kwamba siri ni amana, na aliyekabidhiwa hana ruhusa ya kuigawa.

Wasia huo uliniingia sawasawa nilipokuwa karani wa doria, baada ya Ngarambe na Tapika kuunganisha ardhi zao kuwa jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori mpakani mwa Pori la Akiba la Selous. Daftari letu lilitaja askari wa kijiji waliotoka, zilipoonekana nyayo za tembo na zilipokutwa nyaya za mitego. Na kwa kuwa tembo wa Selous walishuka kutoka 109,000 hivi mwaka 1976 hadi 13,000 hivi mwaka 2013 kwa tamaa ya pembe, kila mstari wake ungalimwonyesha jangili njia.

Zamani nakala ilitiwa katika bahasha, tukapiga sahihi juu ya mshono, akapewa mtu mwaminifu aifikishe wilayani Utete. Ikaja flashi, iliyopita katika kompyuta za maduka ya uchapaji, ikiacha nakala huko na kurudi na virusi. Kisha tukatumiana picha za kurasa kwa WhatsApp. Na ijapokuwa tangu 2016 ujumbe wake husimbwa njiani, picha ilibaki katika simu ya kila aliyeipokea, hata aliyekwisha acha kazi.

Ndipo kijana wetu mmoja alipotuwekea folda moja ya Google Drive: mwenyekiti na mhasibu wasome tu, karani na mkuu wa doria wahariri, kila mmoja kwa anwani yake, kwa nywila yake na kwa uthibitisho wa hatua mbili, wala kiungo kisimfungukie kila mwenye nacho. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ikatuzidishia hima, maana majina ya askari wale nayo ni dhamana.

Hapana katika hayo lililohitaji fundi. Kwa hiyo navisihi vikundi vidogo vilivyotawanyika kama sisi: kabla ya kuuliza programu ipi ni bora, teueni mlinzi wa idhini, ajuaye nani kaingia na nani katoka, na aliyetoka afungiwe mlango siku hiyo hiyo.