Taka za Uani

Jumamosi, 3 Mei 2025
Mvua haikatiki. Guta la taka halijapita wiki nzima kwa matope, na kiroba kimeanza kuvuja. Nimekimwaga juu ya turubai nione tunatupa nini hasa. Maganda ya ndizi na viazi, machicha ya nazi, majani ya chai, ukoko, vichwa vya dagaa. Zaidi ya nusu ni vya jikoni. Vilivyobaki ni makopo ya maji na maboksi yaliyolowa mchuzi.

Jumatano, 7 Mei
Kijana anayenunua makopo kwa kilo kapita. Nimemuuliza mbona kwetu hasimami. "Mama Rehema, makopo yenu yana mchuzi. Kwenye mzani wanayakataa." Anataka yawe makavu, yaminywe, na vifuniko vitolewe, maana hivyo ni plastiki ya aina nyingine. Maboksi makavu pia anachukua.

Jumapili, 11 Mei
Nimekaa na wapangaji wenzangu. Vyombo viwili tu: ndoo yenye mfuniko mlangoni pa jiko kwa vibichi, kiroba kwenye msumari kwa vikavu. Baba Juma alitaka ndoo tano, kila moja na rangi yake. Nimegoma. Mwenye sufuria mkono huu na mtoto mkono ule hana muda wa kuchagua rangi. Chupa za soda wala hazihitaji ndoo: zinarudi kwa Mangi wa dukani, kiwandani zinaoshwa na kujazwa tena.

Jumamosi, 24 Mei
Vibichi vya ndoo sasa ni vya mboji: pipa kuukuu limetobolewa matundu. Safu ya maganda, safu ya maranda ya fundi seremala. Bibi Zuhura kafunua, kanusa: "Imelowa hii, mwanangu. Ongeza makavu, uigeuze ipate hewa." Nimefanya hivyo, harufu imepungua. Mabaki hayo hayo yakifukiwa dampo la Pugu, bila hewa, yanatoa methani, gesi inayozidisha joto la dunia. Vichwa vya dagaa havitii mguu pipani, vinaita panya. Paka wa jirani kavipokea.

Jumapili, 1 Juni
Leo miaka 6 tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Tanzania. Tulilalamika, kisha tukabeba vikapu, kwa kuwa mwenye genge hakuwa tena na mfuko wa kutugawia bure. Uani kwetu ni vivyo hivyo. Hakuna aliyehubiriwa akaokoka. Ndoo imesogezwa karibu na kisu, basi. Kijana wa makopo sasa anasimama mwenyewe, na kiroba cha guta kinachelewa kujaa. Ndani yake zimebaki pampasi na vile vifuko laini vya karanga, ambavyo hakuna anayevinunua. Dawa ya vifuko ni kutovileta nyumbani: karanga nitazifuata na kopo langu. Pampasi zitaendelea kupanda guta.