Tanga la Galme

Baba aliitazama picha yangu kwa muda mrefu, kisha akaweka kidole kwenye mlingoti wa nyuma wa meli. "Hapa kwenye galme, mwanangu, tanga hili limeshikwa na nini?"

Sikuwa na jibu.

Picha niliichora kwa ajili ya kitabu cha historia cha skuli. Nilipewa kurasa mbili kwa tukio moja: Februari 1799, manowari za Uingereza zikiongozwa na Leopard, meli ya mizinga 50, zinatia nanga Unguja zikiwa njiani kuelekea Bahari ya Shamu kuwazuia Wafaransa wa Napoleon walioingia Misri. Matanga niliyachora meupe pe, yote yametuna. Mhariri alifurahi. Baba alishona matanga ya majahazi pale Malindi ya Unguja zaidi ya miaka 40, na yeye aliona kitu kingine. "Chombo kiko nangani, matanga yamejaa upepo? Na hiyo kaskazi yako inatoka wapi?"

Nikaomba muda, nikakusanya akiba, nikakata tiketi ya Uingereza, nikajionee matanga ya kweli. Ilikuwa Mei 2005, na sikuwa nimewahi kupanda ndege.

Ya safari ya angani sina mengi. Baridi ya London ilinipiga kifuani, nikanunua koti la mtumba, na siku ya pili nikapanda treni kituo cha Waterloo. Treni ya Portsmouth inakwenda hadi ukingoni mwa maji. Nilipoteremka nikasikia harufu ya chumvi na lami, na kwa mara ya kwanza tangu niondoke nyumbani nikajiona najua nilipo.

Hapo manowari ya Victory imesimama ndani ya gudi kavu tangu 1922. Iliwekwa mkuku Chatham mwaka 1759, ikashushwa majini 1765, na ndiyo aliyofia Admirali Nelson katika vita vya Trafalgar mwaka 1805. Nilifika nimejiandaa kuchora matanga, na mlingotini halikuwapo hata moja. Kamba tu, maili 26 za kamba, kama mtando wa fundi asiyechoka. Mzee mmoja wa kujitolea aliyekuwa akiongoza wageni aliniona nimeduwaa. Akanipeleka kwenye mlingoti mkubwa, akaugonga kwa kifundo cha kidole. Ukalia. Ni chuma, akaniambia. Milingoti ya chini ilitolewa kwenye meli nyingine mwishoni mwa karne ya 19. Nikaandika daftarini: kitu kuwa cha zamani hakukifanyi kiwe cha wakati ule unaoutafuta.

Kisha akanielekeza kwenye ghala la karibu, ambako mwaka ule, kwa kumbukumbu ya miaka 200 ya Trafalgar, walikuwa wamelitandaza tanga la Victory lililokuwa vitani.

Nimekulia chini ya matanga. Nililala juu yake mtoto, baba akishona. Lakini mbele ya lile nilisimama bila kutoa kalamu. Ni tanga la pili kwenda juu la mlingoti wa omo, pembe nne, jembamba juu na pana chini, mita za mraba kama 336. Lilishonwa Chatham mwaka 1803. Lina matundu yapatayo 90, mengi ya risasi na mizinga. Baada ya vita lilihifadhiwa, likaoneshwa, likasahauliwa, hadi 1960 likakutwa limerundikwa chini ya magodoro ya mazoezi katika kambi ya wanamaji.

Na halikuwa jeupe. Rangi yake ni ya shayiri, inaelekea kijivu. Sehemu ya rangi hiyo ni umri, lakini sehemu kubwa ni kitambaa chenyewe: kitani, si pamba. Kitani kisichopaushwa huanza na rangi ya udongo mkavu, na jua na mvua ndivyo vinavyokipausha kidogokidogo, kwa madoa. Nilihesabu vipande: kila kimoja upana wa sentimita 61 hivi, vimeunganishwa kwa mishono miwili inayoshuka sambamba. Katika picha yangu tanga lilikuwa laini kama shuka. Tanga la kweli lina mistari, na jicho huiona kwa mbali.

Chatham nilikwenda siku ya nne. Jengo la kusokotea kamba lina urefu wa mita 346, na bado wanasokota humo. Walinionesha uzi wa rangi unaofichwa katikati ya kamba ili kamba ya mfalme ikiibwa ijulikane. Turubai la mfalme nalo lilifumwa na mstari wa buluu. Mto Medway unapita hapohapo, na mlangoni mwake ndiko Sheerness, ilikoshushwa majini Leopard mwaka 1790. Nilisimama ukingoni nikiwaza kwamba maji haya na maji ya Forodhani kwetu Unguja yamebeba ubao mmoja.

Swali la baba lilipata jibu Greenwich. Katika maktaba ya makumbusho ya bahari nilisoma kitabu cha David Steel cha 1794, chenye vipimo vya milingoti, kamba na matanga kwa kila daraja la meli, nikakilinganisha na modeli za karne ile. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tanga la galme ni kalenda. Mwanzoni mwa karne ya 18 manowari ya Uingereza ilikuwa na tanga la pembe tatu pale nyuma, limetundikwa kwenye foromali ndefu ya mshazari, ndugu kabisa wa tanga la jahazi letu. Kufikia katikati ya karne, sehemu iliyo mbele ya mlingoti ikakatwa, lakini foromali ikaachwa nzima. Mwishoni foromali nayo ikaondoka: ukabaki mti mfupi wenye panda inayoukumbatia mlingoti, na baadaye mwingine chini wa kulinyoosha tanga. Anayechora galme bila kujua mwaka amechora meli ambayo haikuwahi kuelea.

Omo nako nilikuwa nimekosea. Chini ya mti unaochomoza mbele, meli ya 1799 bado ilibeba tanga dogo la pembe nne, karibu na maji kiasi kwamba lilitobolewa matundu pembeni ili mawimbi yatoke. Sikulichora kabisa. Na bendera yangu ilikuwa na msalaba mwekundu wa mshazari, ule wa Ireland, uliotiwa mwaka 1801.

Nilirudi Unguja na madaftari matatu, nikaanza upya. Leopard sasa imeielekea kaskazi, matanga yamekunjwa juu ya milingoti, ila moja limefunguliwa likauke baada ya mvua, linaning'inia bila upepo, rangi ya shayiri. Pembeni nikaweka vyombo vyetu, na hapo pia nikajizuia: merikani, ile pamba nyeupe ya Marekani, ilikuwa bado haijafika pwani hii, kwa hiyo matanga ya majahazi nikayatoa weupe wa merikani, na mtepe wa Lamu nikaupa tanga lake la mkeka, la pembe nne. Watoto wataona kwamba pembe nne hazikuja na Mzungu.

Baba akavaa miwani. Alipita kwenye galme, akatikisa kichwa kukubali, akaendelea hadi kwenye mtepe. Hapo akasimama.

"Na mkeka huu, ukili wake unapita upande gani? Wa kusimama au wa kulala?"

Asubuhi tukapanda gari la Makunduchi kwa shangazi, ambaye anasuka mpaka leo, kwenda kumuuliza.