Niliwasingizia Wafugaji

Gugu karoti lililoota kwenye josho la kijiji kimoja cha wafugaji nje ya jiji la Arusha halikuletwa na ng'ombe. Lililetwa na gari langu la kazi. Mimi ndiye niliyeandika kwenye taarifa kwamba chanzo chake ni mifugo, nikasaini, na wenye mifugo wakaitwa kwenye mkutano wa hadhara wakasemwa kwa kosa langu. Nimekaa kimya kupita kiasi. Naandika sasa kwa sababu kila masika vijana wapya wanachukuliwa kwa kazi ileile, na utaratibu ulioniponza bado naukuta mahali pengine.

Nilikuwa msimamizi wa vibarua wa msimu katika mradi wa kudhibiti gugu hilo. Tuling'oa gugu karoti kandokando ya barabara na kwenye malisho. Wanaolijua hawahitaji maelezo marefu: majani yaliyochanikachanika mithili ya karoti, vijiua vyeupe, kimo kinachoweza kufika mita 2. Asili yake ni Amerika ya kitropiki. India lilianza kuenea miaka ya 1950, na kwetu lilitambuliwa Arusha mwaka 2010. Ng'ombe hulikwepa akiwa na chaguo. Akilila kwa njaa, maziwa yake yanakuwa na uchungu. Anayelishika mara kwa mara huweza kutokwa na vipele na kuwashwa mwili mzima, na chavua yake huwatesa wenye pumu. Tena hutoa kemikali inayozuia mimea mingine kuota na kukua, kwa hiyo mahali lilipokamata, nyasi hupungua msimu hadi msimu, na mfugaji hubaki na kijani ambacho hakilishiki.

Hayo yote niliyajua. Nilijua pia kwamba gugu hili halimsubiri mtu. Likiota baada ya mvua, hulaza majani yake chini kwa duara dogo lililogandamana na udongo. Baada ya wiki 4 hivi linaweza kuanza kuchanua, na mche mmoja uliokomaa huweza kutoa mbegu zaidi ya 15,000. Wakati wake wa kung'olewa ni kabla ya ua, udongo ukiwa na unyevu, mzizi utoke mzima, maana ukikatikia shingoni linachipua tena. Hilo niliwafundisha vibarua kwa mkono wangu. Kisha nikaweka utaratibu wa malipo uliowazuia kulifanya.

Niliamua tulipe kwa kilo. Malipo ya siku yalikuwa yamezua ugomvi: huyu kachelewa, yule kakaa kivulini. Mizani, niliwaza, haina upendeleo. Mradi ulikubali haraka, kwa sababu kilo zinapendeza kwenye taarifa. Fedha nazo zilichelewa, kama kawaida, na tulipoingia shambani miche mingi ilikuwa tayari na maua. Badala ya kusema wakati umetupita, nilifurahia magunia kujaa upesi.

Siku moja nilimkuta mama mmoja, mtu mzima, mwepesi wa kazi kuliko vijana wote, akiruka vimche vidogo vilivyolala chini na kwenda kwenye mirefu. Nikamwonyesha: "Mama, mbona haya unayaacha?"

Akanijibu kwa upole, huku anaendelea kung'oa: "Mwanangu, hayo hayajazi gunia. Tuyaache yakue, tutayarudia."

Hakuwa mvivu wala mjanja. Alikuwa ameuelewa mfumo wangu kuliko nilivyouelewa mimi. Nilikuwa nanunua magugu, na anayenunua kwa uzito hupelekewa yaliyokomaa. Ningepaswa kusimamisha kazi siku ileile na kubadili malipo. Nilisema tu, "Sawa, lakini jitahidini na madogo," nikaondoka.

Kosa la pili lilitokana na mizani hiyohiyo. Ilikuwa moja, nikaiweka mahali palipokuwa rahisi kwangu: kwenye josho la kijiji cha jirani, ambako gari lilifika vizuri na palikuwa na kivuli. Kijiji hicho hakikuwa na gugu karoti. Tulilisafirisha kutoka kwenye maeneo yenye gugu, ndani ya salfeti zisizofungwa midomo, juu ya pikapu isiyo na turubai. Pale joshoni tulipima, tukamwaga, tukarundika, tukasubiri likauke ndipo tuchome.

Naikumbuka jioni moja tulipokung'uta salfeti tupu ili zitumike kesho yake. Upepo ulikuwa mwepesi. Maua makavu yalitoka kama unga, yakatua kwenye matope yaliyovurugwa na kwato. Niliokota kichwa kimoja cha ua nikakisugua kwa kidole gumba kiganjani. Kila kichwa kina pembe tano, na kila pembe hubeba mbegu moja, nyeusi, ndogo sana. Nilizihesabu zote tano. Nikapangusa kiganja kwenye suruali nikaendelea na kazi. Siwezi kusema sikujua. Mbegu nilikuwa nazo mkononi.

Mvua zilizofuata, gugu likaota pale. Lilianzia mahali halisi tulipokuwa tumeweka mizani, likafuata njia ya gari, kisha likashika njia za ng'ombe kuelekea malishoni, kwa sababu mbegu zake hunasa kwenye matope ya kwato kama zinavyonasa kwenye matairi. Mradi ukataka taarifa ya eneo jipya. Kwenye fomu palikuwa na nafasi ya kujaza chanzo. Nikaandika: mifugo.

Serikali ya kijiji ikaitisha mkutano. Nikasimama mbele ya watu kuwaeleza jinsi ng'ombe wanavyosambaza mbegu, na jinsi malisho yaliyochoka yanavyolikaribisha gugu. Kijana mmoja mchungaji akanyoosha mkono: "Mtaalamu, mbona limeanzia pale ilipokuwa mizani yenu?" Nikamjibu kwamba mbegu huweza kuja kwa njia nyingi, kwato zikiwemo. Nilichosema kilikuwa kweli kwa jumla na uongo kwa mahali pale. Kijana akakaa. Wazee wawili wakaanza kumkemea kwa kumhoji mgeni, nami nikawaacha wamkemee. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mbegu zenyewe. Gugu huweza kung'olewa. Yule kijana alisema kweli mbele ya watu wake, akaaibishwa, na aliyeweza kumtetea kwa sentensi moja alikuwa mimi.

Nilirudi kijijini baadaye, mradi ukiwa umeshakwisha. Nikaomba kuonana na wazee, na nikaomba yule kijana awepo. Nikasema kama nilivyoandika hapa. Hawakunifokea. Mzee mmoja alinyamaza kwa muda, kisha akasema: "Ulipotuandika ulikuwa na kalamu, sisi tulikuwa na midomo tu. Sasa na hili liandike." Nikaandika barua ya kusahihisha taarifa, nikaipeleka kwa wote walioipokea ile ya kwanza, nakala nikaiacha ofisi ya kijiji. Nilimwomba radhi kijana yule mbele ya wazee walewale waliomkemea.

Barua haikung'oa gugu. Mbegu zilizofukiwa udongoni huweza kukaa hai kwa miaka, na kazi ya pale joshoni sasa ni yao kila mvua. Nimekuwa nikienda kung'oa nao inapowezekana, bila malipo, tukianza mara tu vimche vinapojitokeza, kabla havijanyanyua shina. Sehemu tulizong'oa tunazipanda nyasi, kwa kuwa udongo ulioachwa wazi hulirudisha gugu hata kama kila mche umetoka na mzizi wake. Hilo nalo hatukulifanya wakati wa mradi. Nyasi hazikuwa na kilo za kuripoti.

Kwa anayeajiri vibarua msimu huu, nina ya kumwomba. Lipa kwa eneo lililosafishwa na kukaguliwa tena, wala usilipe kwa uzito, ili mche mdogo uwe na thamani kuliko mkubwa. Fedha zipangwe ziwahi mvua, na zikichelewa, sema wazi kwamba kung'oa gugu lenye mbegu na kulisafirisha kunaweza kudhuru kuliko kuliacha. Magugu yenye maua yafungwe kwenye mifuko isiyovuja na yateketezwe karibu na yalipotoka. Wape watu glavu, barakoa na nguo za mikono mirefu. Osheni matairi na viatu kabla ya kutoka eneo lenye gugu. Na likijitokeza mahali papya, usijaze nafasi ya chanzo kabla hujarudi kuzitembea njia ulizopita wewe na gari lako, ukiwa na mtu wa pale aliyepaona mahali mche wa kwanza ulipoota.