Gonga Fremu ya Mlango

Mvua imeanza. Kumbikumbi wakitokea ukutani mwako, usikimbilie sufuria kwanza (najua ni watamu): hao ni mchwa wenye mabawa, na kiota kiko karibu. Gonga fremu ya mlango kwa bisibisi. Ikilia tupu, ndani pameliwa hata kama rangi inang'aa. Tafuta vijia vya udongo ukutani. Ukivikwangua tu watajenga vingine, maana wanatoka ardhini. Jumanne nilipanda darini kwa mama mmoja mjane; boriti mbili zilibonyea kwa kidole, na watoto wanalala chini yake. Tumewahamishia sebuleni. Fundi atatia dawa kwenye udongo wa msingi kabla ya mbao mpya. Mwenye ngazi ndefu, tuonane Jumamosi saa tatu.