Gundi Ilishika Sekunde 10, Spika Ikafa Saa Sita Usiku

Saa sita usiku, Mbagala, kigodoro kimekolea. Singeli inakimbia zaidi ya mapigo 200 kwa dakika, vumbi liko juu, akina dada wamefunga khanga viunoni, na mwenye shughuli ndo kwanza ameanza kutunzwa. Ghafla besi ya upande wa kushoto ikakohoa. Krrr. Krrr. Halafu kimya.

DJ akagusa nyaya, akapandisha, akashusha. Wapi! Kilichojibu ni harufu ya kitu kinachoungua.

Sasa, spika ile ilikuwa imetoka kwa fundi siku 2 tu kabla. Na fundi mwenyewe ni binti wa miaka 24, ana kibanda chake cha mabati Temeke. Watu wa mtaa wameshamzoea, ila bado kuna wateja wakifika wanamuuliza, "Fundi yuko wapi?" na wamesimama mbele yake.

Asubuhi hata mswaki hajapiga, simu ina voisi 11. DJ amekatwa nusu ya malipo. Matusi yapo, lawama zipo. Lakini kilichomuuma zaidi ni stetasi. Picha ya spika, chini yake maneno: "Ukimpa mwanamke kazi ya mwanaume, haya ndo matokeo."

Dah.

Alianza kuandika jibu. Refu, mpaka deni la mwaka jana alilitaja. Akafuta. Akaandika tena, akafuta. Mwisho akatuma neno moja tu: "Ilete."

Spika ilivyofika, alikuwa na hamu moja moyoni, na ni hamu ambayo mafundi wengi wanaijua: akute kosa ni la mteja. Kila fundi anajua koili ikiungua, maneno ni rahisi. Unasema, "Kaka, umeipiga sana, amplifaya yako ina nguvu kuliko spika," na mchezo umeisha. Hakuna anayebisha.

Akachomoa karatasi ya spika. Koili imeungua kweli, nyeusi tii. Angeweza kuishia hapo.

Lakini macho yake yakatua pale shingoni, pale ambapo vitu 3 vinakutana: koili, karatasi, na kile kitambaa cha njano chenye mikunjo ambacho mafundi wanakiita spaida. Ndipo alipopaka gundi. Na gundi ilikuwa imeachia. Haikuwa imeyeyuka wala kuungua, ilikuwa imekatika safi, inang'aa, kama kipande cha kioo. Maana yake koili iliachia kwanza, ikalala upande, ikaanza kusugua chuma, ndo ikaungua. Moto ulikuja mwisho. Kosa lilianza kwake.

Aliyoitumia ni supa gluu ile ya dukani, ya kichupa kidogo, kila mtu anaijua. Alikuwa na haraka. Tone moja, sekunde 10, imeshika. Akaijaribu mezani kwa sauti ya kawaida, ikaimba vizuri tu. Nani angejua?

Shida ni kwamba watu wengi tunachanganya gundi kushika na gundi kuvumilia. Hizo ni habari mbili tofauti.

Supa gluu ya kawaida ikikauka inakuwa plastiki ngumu. Ukiivuta moja kwa moja, inakuonyesha ubabe. Lakini ukiibandua kuanzia pembeni, kama unavyobandua stika ya tunda, inaachia. Ukiipiga kishindo, inapasuka. Ufa mdogo ukianza, unakimbia mpaka mwisho kwa sababu hakuna cha kuuzuia. Ni kama sahani ya kauri na bakuli la plastiki. Sahani ni ngumu kuliko bakuli, ila ziangushe zote sakafuni uone ipi itaendelea kula ubwabwa.

Na spika ya besi kazi yake ni nini kama siyo vishindo? Ikipigwa noti ya mtetemo wa 50 kwa sekunde, ile karatasi inaenda mbele na kurudi mara 50 kila sekunde. Dakika moja ni mara 3,000. Kigodoro kinaenda mpaka alfajiri. Hesabu mwenyewe.

Binti akavaa viatu, akaenda Kariakoo. Mfukoni alikuwa na hela ya mchezo, zamu yake ilikuwa imefika wiki hiyo, na alishaipangia: kodi ya kibanda. Akaingia duka linalouza gundi za viwandani, akakuta mzee mmoja ana miwani imening'inia kifuani.

"Shikamoo mzee. Naomba supa gluu iliyo kali kuliko zote."

"Marahaba binti. Unaunga nini?"

"Spika."

"Sehemu gani ya spika? Inatikisika au imetulia? Inapata joto? Ikianguka, nani anaumia?"

Binti akanyamaza. Maswali yote hayo hajawahi kujiuliza. Yeye siku zote swali lake lilikuwa moja: inashika kwa sekunde ngapi?

Mzee akampangia chupa 3 mezani. Zote ni jamii moja, sayanoakrileti, zote zinakauka kwa unyevu kidogo ulio hewani na juu ya kitu chenyewe. Ila tabia mbalimbali.

Ya kwanza ni ile ya kawaida. Ya maji maji, ya haraka, ngumu. Nzuri kwa kitu kidogo kilichotulia, kisichopigwa wala kukunjwa.

Ya pili inanyumbulika. Ikikauka inabaki na ulaini, ukiikunja inafuata. Hiyo ni ya vitu vinavyopindapinda, au vitu viwili visivyotanuka sawa vikipata joto, kama plastiki na chuma. Plastiki nyingi zinatanuka mara kadhaa kuliko chuma, kwa hiyo gundi isiyonyumbulika inavutwa huku na huku mpaka inachoka. Ila usitegemee ibebe mzigo mzito kama zile ngumu.

Ya tatu ni nyeusi. Ndani yake imechanganywa mpira. Bado ina nguvu, lakini ufa ukianza unakutana na chembe za mpira, unapunguza mwendo kama bodaboda inavyokutana na matuta. Hii ndo ya vishindo, mitetemo na kubanduliwa. Mafundi wa spika duniani wanaitumia pale shingoni, na hata kwenye sumaku, maana spika ikianguka sumaku nzito inaweza kuhama mahali pake. Hasara yake? Inashika taratibu zaidi kuliko ile ya kawaida, na bei imesimama.

"Na usome karatasi yake," mzee akaongeza. "Gundi ya kawaida ya aina hii ikifika joto la nyuzi 80 hivi inaanza kulegea. Koili ya spika kubwa ikipigwa sana inapita 200 kule kwenye waya. Shingoni hakufiki huko, lakini usicheze. Chukua yenye namba kubwa ya joto, na kwa zile spika za kazi ngumu zungushia epoksi juu yake."

Bei ya ile chupa nyeusi ilikula karibu nusu ya hela ya mchezo. Akainunua. Na kichupa cha ile inayonyumbulika, kidogo.

Hakuiamini kwa maneno tu. Jioni akakata vipande vya bati nene, akaunga jozi 3, kila moja na gundi yake, akaziacha mpaka kesho yake. Akamwita mdogo wake.

"Vuta."

Dogo akavuta mpaka jasho. Hakuna iliyoachia. Ile ya kawaida nayo ilikaa imara kabisa, na hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika. Halafu akazibana moja moja kwenye jiwe la meza, akapiga nyundo kwa pembeni. Ya kawaida, mara ya kwanza tu, paa! Ikaruka. Inayonyumbulika ikasogea sogea, ikabanduka taratibu. Nyeusi ikapigwa mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Bati likapinda. Gundi ipo.

Hata mwanzo wa gundi hii una mkasa wake. Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Mmarekani Harry Coover wa kampuni ya Eastman Kodak alikuwa anatafuta plastiki angavu ya kulengea shabaha. Akakutana na kitu hiki, akakitupa pembeni kwa sababu kilikuwa kinanata kila mahali. Kikarudi mikononi mwake mwaka 1951, safari hii akakielewa, na mwaka 1958 kikaingia sokoni. Mwaka uliofuata alienda nacho kwenye kipindi cha TV, akaunga vyuma viwili kwa tone moja, na mtu akanyanyuliwa juu akining'inia. Watu hoi. Lakini angalia vizuri, ule ni uzito unaovuta moja kwa moja, taratibu. Hapo gundi ngumu inatamba. Singeli haivuti taratibu.

Turudi Temeke.

Binti alifunga koili mpya, akasafisha shingo vizuri, akapaka ile nyeusi, nyembamba, maana gundi hizi hazitaki kurundikwa, akazungushia epoksi. Ukingo wa mpira wa nje akauunga na gundi ya mpira ya kawaida isiyo ya haraka, kwa sababu siyo kila kiungo kinahitaji haraka. Akamaliza saa nane mchana.

DJ akafika saa tisa. Ana shughuli usiku huohuo, Chamazi.

"Imeshika?"

"Imeshika."

"Basi nipe niende."

"Kaka, kushika imeshika. Kukomaa bado. Mpaka kesho mchana."

DJ akacheka kwa hasira. "Sista, unanifanyia makusudi. Gundi ya sekunde unaniambia kesho?"

Hapo ndo pagumu. Kumpa ilikuwa rahisi, na huenda ingefika asubuhi salama. Kumnyima ni stetasi nyingine. Yule binti akashusha pumzi.

"Kaka, ile ya kwanza nilikosea mimi. Siyo amplifaya yako. Nilitumia gundi isiyo ya kazi ile, na nilikupa mapema kwa sababu ulikuwa na haraka na mimi nilikuwa nataka hela. Hii sikuchaji. Na usiku wa leo nimekukodia besi ya jirani, nimeshalipa."

Hela iliyobaki ya mchezo ndo iliishia hapo. Kodi ya kibanda akaenda kumbembeleza mwenye nyumba.

DJ alimwangalia kwa muda. Hakuomba msamaha. Wanaume wengine bana. Akabeba ile besi ya kukodi, akapakia kwenye bajaji, akaondoka. Stetasi yake nayo ilikuwa imeshajifuta yenyewe, saa 24 zimepita. Muda uleule ambao gundi inahitaji ili ikomae. Matusi na gundi, vyote vilipewa siku moja.

Kesho yake mchana alirudi kuchukua spika yake. Miezi 4 sasa, inapiga. Hajawahi kuandika chochote cha kumsifia. Ila wiki mbili baadaye alikuja jamaa mwingine na spika 2 begani mwa kijana wake, akasimama mbele ya kibanda, akauliza:

"Wewe ndo yule fundi uliyemkatalia DJ?"

"Ndo mimi."

"Basi zangu hizi hapa. Nitasubiri mpaka kesho."

Swali kwenu wadau: ungekuwa wewe, koili imeungua na hakuna shahidi, ungesema ukweli au ungesingizia amplifaya? Na kama ni DJ, ungemsamehe? Dondosha komenti yako hapo chini. Na tafadhali, usiseme tu "supa gluu inashika kila kitu." Taja kitu, na taja kitapitia nini.