Fisi wa Talek: Ukoo Unaotawaliwa na Majike

Msafiri atokaye Narok na kushika njia ya kusini huvuka mto Ewaso Ng'iro, huyaacha mashamba ya ngano nyuma yake, na baada ya mwendo wa saa chache huingia katika nchi ya mbuga na vilima vya mawe. Hiyo ndiyo nchi ya Mara. Yasemekana kwamba jina hilo katika lugha ya Wamaasai lina maana ya madoadoa, kwa kuwa miti na vichaka vimetawanyika juu ya majani kama madoa juu ya ngozi. Mto mdogo wa Talek hupita hapo, ukitelemka magharibi mpaka uungane na mto Mara wenyewe. Kaskazini mwa mto huo kuna mji mdogo wa maduka na hoteli, pamoja na maboma ya wafugaji. Kusini mwake ni Hifadhi ya Maasai Mara, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,510 hivi.

Wageni wengi hufika huko kutazama simba, au kutazama nyumbu wavukapo mto kati ya mwezi wa Julai na Oktoba. Ni wachache waendao kwa ajili ya fisi. Hata hivyo fisi wa Talek wana sifa kubwa miongoni mwa wataalamu wa wanyama duniani. Bwana Laurence Frank alianza kuwachunguza mwaka wa 1979, na tangu mwaka wa 1988 kazi hiyo imeongozwa na Dokta Kay Holekamp wa Chuo Kikuu cha Michigan State, huko Marekani. Kila fisi hutambulikana kwa madoa yake, kwa maana hapana fisi wawili wenye madoa sawasawa, kama vile hapana watu wawili wenye alama moja za vidole. Basi jina la kila mmoja limeandikwa daftarini: mama yake ni nani, alizaliwa lini, amezaa wangapi, amekufa kwa sababu gani. Kwa daftari hilo yamejulikana mambo ambayo wazee wetu hawakuweza kuyaona gizani.

Mambo yaliyosemwa na yaliyo kweli

Katika hadithi zetu fisi ni mlafi na mpumbavu, tena ni mnyama wa wachawi. Husemwa kwamba hali ila mizoga iliyoachwa na simba. Husemwa pia kwamba yeye ni dume na jike kwa wakati mmoja. Neno hili la mwisho ni la kale mno. Hata Wayunani wa zamani walilisema, na Aristotle alilikanusha miaka zaidi ya elfu mbili iliyopita. Sababu yake ni kwamba maumbile ya jike wa fisi madoa yanafanana sana kwa nje na ya dume, hata mtu mwenye macho makali aweza kudanganyika. Lakini jike ni jike, naye huzaa na kunyonyesha kama wanyama wengine.

Kuhusu mizoga, mtaalamu Hans Kruuk alikesha usiku mwingi pamoja na fisi wa Serengeti na wa bonde la Ngorongoro, ng'ambo ya mpaka katika Tanzania, katika miaka ya 1960. Aliona kwamba fisi huwinda wenyewe sehemu kubwa ya chakula chao, na kwamba huko Ngorongoro mara nyingi simba ndio waliokuja asubuhi kunyang'anya. Mtalii aliyewakuta simba wakila na fisi wakingoja kando alifikiri kwamba simba ndio wenye mali. Huko Mara hali ni hiyo hiyo. Fisi mmoja peke yake aweza kumwangusha nyumbu mzima baada ya kumfukuza mwendo mrefu.

Nchi ya ukoo na mipaka yake

Fisi madoa huishi kwa koo. Ukoo waweza kuwa na fisi wachache tu mahali palipo na njaa, lakini katika nchi yenye wanyama wengi kama Mara huweza kupita 80, hata kufika zaidi ya 100. Wataalamu walipoanza kuupima ukoo wa Talek, nchi yake ilikuwa karibu kilomita za mraba 60. Mipaka hutiwa alama: fisi hupita juu ya majani na kupaka mafuta yenye harufu kali yatokayo chini ya mkia, ili jirani ajue kwamba nchi ina wenyewe. Jirani akivuka, sauti hupazwa, ukoo hukusanyika, na vita huweza kutokea.

Lakini ukoo haukai pamoja wakati wote. Asubuhi huyu yuko peke yake katika matope ya kijito, wale watatu wamelala chini ya kichaka, na wengine wako kilomita nyingi mbali. Huitana kwa ule mlio mrefu unaopanda mwishoni, ambao wasafiri wote wa bara wanaujua, na ambao husikika kilomita kadhaa wakati wa usiku. Kila fisi huitambua sauti ya mwenziwe. Na kile kinachoitwa kicheko cha fisi si furaha hata kidogo. Mara nyingi ni kilio cha yule aliye na hofu, au anayefukuzwa na mkubwa wake.

Wakutanapo baada ya kutengana husalimiana. Wawili husimama ubavu kwa ubavu, kila mmoja akielekeza kichwa kwenye mkia wa mwenziwe, nao huinua mguu wa nyuma na kunusana. Mdogo ndiye aanzaye kuinua mguu, kama vile kijana aanzavyo kumwamkia mzee.

Cheo hutoka kwa mama

Katika ukoo wa fisi hapana swali juu ya nani atangulie. Kila mmoja anajua mahali pake, kuanzia jike mkuu hadi wa mwisho kabisa, na mahali hapo mtoto hurithi kwa mama. Mwana wa jike mkuu hushika cheo cha pili baada ya mama yake, ijapokuwa ni mdogo kiasi cha kupita chini ya tumbo la jike mzima. Tena akizaliwa ndugu mwingine, huyo mdogo humpita mkubwa wake. Jambo hili ni kinyume cha desturi za watu wengi wa Kenya, ambao kwao kifungua mimba huheshimiwa.

Mtu angeweza kudhani kwamba nguvu hiyo imo katika damu, lakini sivyo. Mtoto hufundishwa. Akikorofishana na mwingine, mama huja na kusimama upande wake. Akimshambulia mtoto wa jike wa chini, mama yake huongeza meno. Jamaa na marafiki wa mama nao huja. Baada ya miezi kadhaa yule mtoto hana haja ya msaada, maana kila mmoja ameshajua yatakayompata akimgusa. Katika mwaka wa 2021 wataalamu walitangaza matokeo ya kuchunguza miaka 27 ya daftari la fisi wa Mara, wakaonyesha kwamba mtoto hurithi hata urafiki wa mama: wale walio karibu na mama ndio watakaokuwa karibu naye, na jambo hili ni kweli zaidi kwa watoto wa wenye vyeo.

Hii pia ndiyo sababu majike huwatawala madume. Ni kweli kwamba jike ni mkubwa kidogo kuliko dume. Lakini uchunguzi wa koo nyingi umeonyesha kwamba wawili wakikabiliana, ashindaye kwa kawaida ni yule mwenye watu wengi wa kumsaidia, hata akiwa na mwili mdogo. Na jike aliyezaliwa katika ukoo na kukaa humo maisha yake yote ana jamaa wengi.

Dume ni mgeni

Dume naye hurithi cheo cha mama yake maadamu yuko kwao. Lakini afikapo umri wa miaka miwili hadi mitano, kwa kawaida huondoka kwenda kutafuta ukoo mwingine, na siku ile avukapo mpaka huacha cheo chote nyuma. Mwana wa jike mkuu na mwana wa jike wa mwisho huingia ugenini sawasawa, wote wawili chini ya kila mwenyeji, hata chini ya watoto. Wageni hao wana safu yao wenyewe: aliyefika kwanza hutangulia, naye apandaye hupanda wakati aliye mbele yake anapokufa au kuhama. Hapigani sana. Huwafuata majike kwa unyenyekevu mwezi baada ya mwezi mpaka azoeleke, na majike ndio wachaguao. Mvumilivu hula mbivu, na kwa dume wa fisi hapana njia nyingine.

Karamu na njaa

Cheo kina thamani gani? Jibu huonekana pale nyumbu anapoangushwa. Fisi hufika mbio kutoka kila upande, na katika dakika chache hapabaki ila damu juu ya majani, kwa kuwa meno yao huvunja hata mifupa. Katika dakika hizo jike mkuu na watoto wake hula wanapopenda. Wa chini hunyakua kipande na kukimbia nacho, au hungoja kando mpaka wakubwa washibe, na mara nyingi wakubwa hushiba wakati nyama imekwisha.

Matokeo yake huonekana pangoni. Jike huzaa mtoto mmoja au wawili, weusi, wenye macho yaliyofunguka na meno yaliyokwisha kuota. Baada ya majuma machache huwapeleka katika pango la ukoo, ambamo watoto wa mama wengi hukaa pamoja. Lakini hapana mama anyonyeshaye mtoto wa mwenziwe. Mtoto hutegemea maziwa kwa muda wa mwaka mmoja au zaidi, kwa sababu taya zake hukawia kupata nguvu za kushindana kwenye mzoga. Jike mkuu hula karibu, hurudi upesi, na maziwa yake ni tele. Jike wa chini hulazimika kwenda mbali kutafuta chakula, na watoto wake humngoja. Wa juu aweza kuzaa kabla hajatimiza miaka mitatu. Wa chini huenda akangoja mpaka mitano au zaidi. Watoto wa wa juu hukua na kusalia kwa wingi; wa wa chini hufa kwa wingi. Watu husema aliye juu mngojee chini, lakini miongoni mwa fisi yule wa chini aweza kungoja maisha yake yote.

Hata hivyo mlango haukufungwa kabisa. Karibu na mwaka wa 1990 baadhi ya majike wa Talek wasio na vyeo vikubwa walijitenga, wakahamia nchi ya jirani na kuanza ukoo wao. Waliokuwa wa nyuma wakawa wenye nchi.

Fisi na boma

Katika miaka iliyofuata mji wa Talek umekua, na mifugo imeongezeka mpaka ndani ya hifadhi. Fisi wamebadili desturi zao: mchana hujificha zaidi, na usiku hutembea zaidi. Simba wamepungua mahali hapo, lakini fisi, kwa werevu wao, wameongezeka. Kwa mfugaji jambo hili si hadithi ya kupendeza. Kondoo watano wakiuawa usiku mmoja ni karo ya shule iliyopotea, na mtu mwenye hasara hiyo hawezi kuambiwa kwamba fisi ni mnyama wa ajabu akaridhika.

Wengine hujibu kwa sumu. Hutia dawa ya wadudu katika mzoga, na asubuhi hukuta fisi wamekufa, pamoja na tai, mbweha na hata mbwa wao wenyewe. Lakini sumu haimjui mwizi. Huua jike aliyekuwa njiani kurudi kwa watoto wake sawasawa na yule aliyeingia zizini, na kila mama afaye huacha pangoni watoto ambao hapana jike mwingine atakayewanyonyesha. Yule wa chini, atembeaye mbali kuliko wote, ndiye akutanaye kwanza na mitego na sumu. Na fisi anapoondoka, mizoga ya ng'ombe waliokufa kwa ugonjwa hubaki kuoza karibu na maji.

Njia iliyo bora ni boma lenyewe. Wafugaji wa mpakani wanajua kwamba mashambulio mengi ya fisi huja usiku, na ua wa nguzo zilizosimamishwa karibu karibu humzuia kuliko ua wa miiba mitupu, ambao yeye huusukuma kwa kichwa na mabega akapenya. Lango lifungwe kabla ya giza kuingia. Mbuzi na kondoo walale ndani, wala asiachwe hata mmoja malishoni, kwa maana aliyebaki nje usiku ni chakula kisicho na mlinzi. Wahenga walikwisha kusema: fisi akila muwele, mzima funga mlango.