Kuki, jedwali na shimo chini ya ua

Leo hakuna msimbo wala programu ya kupakua. Kuna mbwa.

Nina jike wa aina ya German Shepherd, anaitwa Kuki (waunda tovuti mtaelewa). Alipofika miezi 6, daktari wa mifugo alisema nimlete atolewe kizazi kabla hajaingia joto mara ya kwanza. Mama naye akasema kwa simu nimwache azae mara moja kwanza, ndipo atatulia. Mama nampenda, lakini hilo halina ushahidi.

Basi nikafungua jedwali kwenye tarakilishi. Safu ya kwanza, hatari za kuharakisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha mwaka 2016 matokeo kuhusu aina hii hii: waliofanyiwa kabla ya kutimiza mwaka 1 walipata shida za viungo zaidi, na baadhi ya majike baadaye walivuja mkojo. Mwaka 2020 wakashauri jike asubiri apite miaka 2.

Safu ya pili, hatari za kuchelewa: uvimbe wa matiti, na usaha kwenye kizazi. Huo usaha sikuhitaji kuusoma popote. Mbwa wetu wa zamani kule nyumbani, akiwa na miaka 8, aliacha kula akawa anakunywa maji tu. Tukampa dawa ya minyoo. Siku ya nne akafa. Nilikuwa kidato cha tatu na bado namkumbuka.

Jedwali likasema miaka 2, nami nikaridhika.

Kuki akaingia joto akiwa na miezi 9. Hali hiyo huchukua kama wiki 3, kwa hivyo nikaomba kufanyia kazi nyumbani. Hapa Ruiru madume watano walipiga kambi langoni. Usiku wa 12 nikasikia kitu, nikatoka na tochi. Kulikuwa na shimo chini ya michongoma, na udongo wote ulikuwa upande wetu. Aliyechimba ni Kuki! Mimi muda wote nilikuwa nawalinda madume.

Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi. Watoto 8 ningewapeleka wapi? Mtaani kwetu huwa wanaachwa kando ya barabara ndani ya katoni. Tena kuna uvimbe wa sehemu za siri ambao mbwa huambukizana wakipandana.

Jedwali langu halikuwa na safu ya ua. Kungoja miaka 2 ni kupitia joto mara mbili zaidi, na ua ni huu huu. Daktari akaniambia tusubiri miezi 3 hivi baada ya joto, mishipa ya damu ya kizazi ipungue. Tukakubaliana afanyiwe akiwa na miezi 13. Atakuwa amepita mwaka, na joto la pili halijafika. Kwa mifupa yake ningependa zaidi, lakini sina ukuta wa mawe.

Upasuaji ni Jumamosi hii. Shimo nililiziba kwa mawe. Jana ameanza jingine, hatua mbili kando.